Nimeacha Kumuita Papa Zacharie

Mama Simone mpendwa, mshauri wetu,

Ninakuomba msaada na ninakuomba pia usinichoke, maana barua ni ndefu na mwandiko wangu si mzuri, nilifika sixième tu, darasa la sita, kwa watawa wa Yanonge, na karatasi hizi nimezichomoa katikati ya daftari, ile daftari yenyewe inayonitesa. Nakusalimu kwa jina la Yesu. Kwetu hapa Tshopo kijarida chenu kinapita mkono kwa mkono mpaka wino wa stensili unafutika, na mimi, Mungu anisamehe, nasoma ukurasa wako kabla ya masomo ya dominika.

Nina miaka arobaini na tisa, nina bwana, nina watoto watano wazima, na tangu miaka ishirini na miwili mimi ndiye ninayeshika daftari ya shirika letu, jumuiya ya nyumba jirani. Nikueleze kwanza desturi yetu ili uelewe kosa langu. Kila Jumatano saa kumi tunakutana nyumba kumi na nne za avenue yetu, mtaa mmoja, kusali, na kabla ya ishara ya msalaba mimi nasimama na daftari naita jamaa moja moja. Daftari ilianzishwa na padri mmoja wa zamani ambaye aliandika orodha kwa mkono wake mwenyewe, na aliandika wababa tu. Kwa hiyo naita, “Jamaa ya Papa Cyprien,” watu wa nyumba ile wanajibu, “Tupo.” Kama baba hakufika, mama anajibu, “Papa iko kazini, sisi tupo.” Hata mimi, nikifika kwa nyumba yangu naita, “Jamaa ya Papa Alexis,” halafu nageuza kichwa kidogo najibu mwenyewe, “Tupo,” maana Alexis saa kumi ya Jumatano yuko amelala, na watu wamecheka kila wiki miaka ishirini na miwili bila kuchoka.

Bon. Ikaja vita ya mwezi wa sita, zile siku sita za mabomu, na wewe ulikuwa humu mjini Kisangani kama sisi, sina la kukusimulia. Ilipotulia tukarudi kusali, nyumba zilikuwa kumi na nne bado, hata kama mbili hazina tena bati, lakini wababa walibaki watano. Wengine tuliwazika, wengine walivuka mto upande wa Lubunga wakaingia porini na hawajarudi, wengine hatujui. Na daftari ilikuwa ile ile. Fikiria, Mama Simone, mimi nasimama naita, “Jamaa ya Papa Kataliko,” mfanyabiashara wa Butembo aliyeuawa na bomu mbele ya duka lake, na mjane wake Kaswera anajibu, “Tupo,” na sauti yake imekauka kama mtu anayemeza unga. Mara tisa kila Jumatano. Nilikuwa narudi nyumbani siwezi kula.

Lakini mbaya kuliko yote ilikuwa kwa Marthe. Marthe ni mke wa Papa Zacharie, nyumba yao ina mti wa safu mbele, yale matunda ya zambarau tunayochemsha, wanafunzi wote wa avenue wamekula safu pale. Papa Zacharie alikuwa anakwenda Banalia na vélo, baiskeli yake, anapeleka chumvi na sabuni, anarudi na mchele. Aliondoka mwisho wa mwezi wa tano, akapita daraja la mto Tshopo, akasema atarudi kabla mtoto wao mkubwa hajapata komunyo ya kwanza. Vita ikafunga barabara nyuma yake. Kule ni askari wengine, huku ni askari wengine. Basi nilipoita, “Jamaa ya Papa Zacharie,” Marthe hakusema hayuko, hakusema hatujui. Alisema, “Iko njiani. Sisi tupo.” Wiki ya kwanza watu walisema amina. Mwezi wa saba, iko njiani. Mwezi wa nane, iko njiani. Anasema vile vile kama mtu anayekuambia chungu kiko motoni.

Katikati ya mwezi wa tisa askari mmoja kijana alikuja akasimama mlangoni, bunduki begani. Hakuwa mkali, alivua hata kofia. Akasikiliza mpaka mwisho wa daftari, halafu akaniuliza, “Camarade mama, hawa wababa wote unaita, mbona nasikia tu sauti za wamama? Wako wapi?” Nikasema, “Wako kazini, mwanangu.” Akacheka, akasema, “Kazi gani hiyo inabeba watu tisa mara moja?” Akaenda zake na mpaka leo hajarudi. Hakukataza kitu. Lakini Jumatano iliyofuata nilisimama nikaambia watu, “Ndugu zangu, tumekatazwa kuita majina ya wababa, tutaita nyumba.” Huo ni uongo wangu wa kwanza, nimeuungama kwako kabla ya kuuungama kwa padri.

Nikaanza kuita hivi: Nyumba ya kisima. Nyumba ya mlango wa bluu. Nyumba ya safu. Nyumba ya ngazi iliyovunjika. Na ajibu yeyote aliyefika, mkubwa au mdogo, mwanamume au mwanamke, aseme tu tupo. Papa Cyprien, ambaye ana miaka zaidi ya sabini, alikasirika. Alisema, “Miaka yote hii nimekuwa mutu, leo niko kisima?” Watu wakacheka, na tangu Juni hatukuwa tumecheka hivyo.

Na Kaswera alinifuata mpaka barabarani akanishika mkono. Yeye si mtu wa maneno mengi, ni mtu wa duka, lakini siku ile alisema, “Mama Josée, we hujui. Tangu nilikuja Kisangani naitwa Kataliko, Kataliko. Hata alipokuwa muzima, yeye alibaki dukani, mimi njo nilikuja kusali. Akakufa, ukaendelea kuita Kataliko, na mimi nilikuwa najibu kwa kaburi. Leo unaita mlango wa bluu. Bon. Ule mlango ni mimi niliupaka rangi.” Alikuwa na machozi. Tangu siku hiyo amekuwa wa kwanza kufika, na analeta mshumaa wake.

Na mimi pia, nikuambie ukweli, ilinipendeza. Sikuita tena Alexis na kujijibu kama mwendawazimu. Nilisema, “Nyumba ya mbuzi, tupo,” nikasikia kwamba ni mimi niko.

Lakini nilipoita nyumba ya safu, Marthe alinyamaza. Jumatano ya kwanza nikafikiri hakusikia. Ya pili, mtoto wake mkubwa ndiye alijibu. Ya tatu, wakati wa kurudisha viti, alibaki nyuma tukawa wawili, akasema bila kunitazama, “Mama Josée, safu haiendi Banalia. Safu haina vélo.”

Nikasema, “Marthe, ni kwa ajili ya askari.”

Akasema, “Ulikuwa unamuita, mimi nilikuwa najibu, na kule aliko alikuwa anatembea. Sasa ni nani anamuita?”

Nikaendelea kupanga viti. Akaniuliza tena, “Umemutoa kwa daftari ya wazima. Siku ya wafu, mwezi wa kumi na moja, utamuandika kwa ile ingine?” Kwa sababu mimi tena ndiye ninayeandika orodha ya marehemu wa shirika, ile padri anayoisoma tarehe mbili. Nikamwambia, “Hapana, siwezi.” Akasema, “Bado.” Akachukua kiti chake akaenda.

Tangu hapo haji kusali. Jirani yake ameniambia ameshafunga chikwange kumi, ile mikate ya muhogo, kwa majani, amekausha samaki, na kuna kikundi cha wamama wanaopita porini pembeni ya askari mpaka upande wa Banalia, wanaondoka tarehe tatu, kesho yake ya siku ya wafu, naye ataondoka nao na mtoto mdogo mgongoni, mkubwa anamwachia yeye jirani. Nilikimbia kwake. Nikakuta anakata mpira wa viatu vya safari. Nikamwambia, “Marthe, kule watu wanapotea.” Akasema, “Hapa pia mutu anaweza kupotea, mi nimeona, anapotelea kwa kalamu.”

Nyumbani nikalia mbele ya binti yangu Josée, ambaye ni mwalimu wa primaire, shule ya msingi. Josée ni mzuri lakini amesoma, na watu waliosoma hawaogopi kitu wanachopaswa kuogopa. Akaniambia, “Mama, hukufanya ubaya. Kwa Kifaransa wananiuliza kwanza, il au elle, mwanamume au mwanamke, kabla sijasema huyo mtu amefanya nini. Kwa Swahili nasema tu amelia, na kila mtu anasikia kuna mtu amelia. Lugha yetu ina nafasi kwa wote. Ile ya kuita jamaa kwa jina la baba haikutoka kwa mababu, ilitoka kwa kalamu ya padri. Nyanya wa Yanonge nani alimuita kwa jina la babu?” Ni kweli, nyanya alikuwa anaitwa jina lake, kwa sauti kubwa, mpaka ng'ambo ya mto. Nikasema, “Josée, sawa. Lakini Marthe halii juu ya mtu fulani. Analia juu ya Zacharie.” Josée akachukua ndoo akatoka kuteka maji.

Sasa nifike pale ambapo kalamu inakataa. Mama Simone, sikuacha kumuita Papa Zacharie kwa sababu ya askari. Mwisho wa mwezi wa nane, Jafari, kijana anayesukuma mizigo ya vélo barabara ile, alipenya akarudi, na akaniambia mimi peke yangu kwamba kwenye kivuko cha Banalia aliona vélo ya Zacharie, aliijua kwa kile kibao cha nyuma chenye rangi ya kijani na msalaba uliochongwa, na mtu aliyeipanda hakuwa Zacharie. Hakujua zaidi. Aliogopa kuuliza. Akaniambia, “Mama, wewe unajua kusema na watu, utamwambia.” Sikumwambia. Kila Jumatano nikaita, yeye akajibu iko njiani, na mimi nikaona vélo na mtu mwingine juu yake. Yule askari alipokuja ilikuwa kama amenifungulia mlango wa kukimbilia.

Sasa sijui nifanye nini. Nikirudisha majina ya wababa, Kaswera ataumia na labda ataacha kuja, na nitakuwa naita mtu ambaye moyoni nimeshamzika. Nikiacha ilivyo, Marthe ataondoka na mtoto, na wakifa porini ni mimi niliyewatuma. Tena najiuliza kama ni dhambi kubadilisha neno ambalo wakubwa walituachia, na kama Mungu anaposikia nyumba ya safu anajua ni nani. Nimesali rozari mpaka vidole vimechoka. Nijibu upesi, na ugeuze majina, maana avenue yetu yote inakusoma.

Ni mimi,
Mama Josée, Tshopo


*Jibu la Mama Simone*

Mama Josée,

Majina nimeyageuza yote, la kwako pia, na ile miti na milango nimeihamisha. Watakaokutambua ni wale wanaojua tayari.

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilikasirika, na nitakujibu kwa mpango huo huo.

Kuita majina tisa ya watu wasiokuwepo, mbele ya wake zao, kila wiki, miezi mitatu, hiyo ni kazi nzito. Hakuna aliyekupa shukrani na hakuna aliyekuuliza kama unakula. Mimi nakushukuru. Umeshika shirika lisivunjike wakati hata daraja lilitikisika. Na huna dhambi kwa kubadilisha neno. Mimi nilikuwa msichana wa shule siku tulipoambiwa asubuhi moja kwamba monsieur na madame wamekwisha, sisi wote ni citoyen na citoyenne, raia tu. Majina ya ubatizo nayo yakakatazwa, baba yangu akalificha lake mfukoni, ofisini akawa mwingine, nyumbani mama akaendelea kumuita vile vile. Tukazoea. Kisha citoyen naye akaondoka, hakuna aliyemzika, na sasa kila mwenye bunduki anatuita camarade, mwanamume camarade, mwanamke camarade, mbuzi akipita labda naye ni camarade. Mungu hakupotewa na mtu hata mmoja katika mageuzi hayo yote. Anajua nyumba ya safu ni nani. Hiyo hofu iweke chini.

Binti yako pia ana haki, na Kaswera ana haki zaidi, maana yeye hakuisoma shuleni. Mwanamke amejibu kwa jina la bwana aliyebaki dukani, kisha kwa jina la bwana aliye kaburini, na wewe ulisoma jina hilo bila kuinua macho. Padri wa zamani aliandika alivyojua. Wakati ule kila nyumba ilikuwa na baba, au ilijifanya kuwa naye. Leo nyumba zenu si hizo. Neno likibadilika kwa sababu watu wamebadilika, liache lipite. Usimrudishe Kaswera kwenye kaburi ili wewe usilaumiwe.

Sasa hasira yangu.

Hukubadilisha neno kwa ajili ya Kaswera. Ulilibadilisha ili ujifiche nyuma yake. Ulikuwa na habari ya mume wa mtu tangu mwisho wa Agosti, ukaikalia kama kuku anayekalia jiwe. Marthe anajibu iko njiani, na wewe mbele yake, na daftari mkononi, unajua jambo ambalo yeye halijui. Kisha ukamsingizia askari aliyevua kofia. Nakuambia bila kupunguza: neno linalomkaribisha kila mtu ni zuri, lakini wewe umelitumia kumtoa mmoja. Marthe aliona. Hajui kuhusu vélo, lakini aliona usoni mwako kwamba umeshamzika mume wake, na hakuna mtu aliyekupa ruhusa. Uliona vélo? Hapana. Jafari aliona vélo, hakuona maiti. Vélo huuzwa, huibiwa, hunyang'anywa na mwenye bunduki, hukopeshwa kwa mtu anayepeleka habari. Kwa kibao kimoja cha kijani ulimfanyia mtu mazishi kichwani mwako, halafu ukashangaa mke wake anafunga chikwange.

Anakwenda Banalia kwa sababu huku hakuna anayemuita Zacharie. Hilo tu. Usimwambie tena kuhusu hatari ya pori, anaijua kuliko wewe.

Fanya hivi, na usingoje Jumatano.

Leo, baada ya kusoma ukurasa huu, kabla haujamfikia Marthe mwenyewe, funga kitambaa uende kwake. Usiende na Josée, atakusaidia kusema na hutakiwi kusaidiwa. Mwite Jafari aje nawe, akae pale. Mwambie Marthe yote, kivuko, kibao, msalaba, mtu mwingine juu ya vélo, na mwambie tarehe uliyoambiwa, usiifiche. Atakulilia au atakufukuza. Ukifukuzwa, kaa nje chini ya huo mti mpaka akuite. Anayo haki ya kumuuliza Jafari maswali ambayo wewe hukuthubutu kuuliza: yule mtu alikuwa na umri gani, alibeba nini, alitoka upande gani wa mto. Pengine katika hayo yeye atatambua kitu, maana anamjua bwana wake na watu wa bwana wake. Pengine atatambua kibaya. Hata hivyo ni chake.

Kabla hujaondoka kwake, muombe jambo moja, asiende tarehe tatu. Si kwa maisha, kwa wiki nne tu. Na umpe sababu iliyo mkononi, si mahubiri. Watu wa Msalaba Mwekundu hapa mjini wanapokea zile karatasi za ujumbe wa familia, zinavuka upande ule ambapo mguu wa mtu hauvuki. Andikeni pamoja, wewe una mwandiko, yeye ana maneno. Andikeni jina lake lote, la ubatizo na la nyumbani, na kibao cha kijani. Tena wale wamama wanaokwenda tarehe tatu, wapeni swali hilo hilo walibebe kwa kichwa mpaka kivukoni. Wao wanakwenda tu, na swali halina uzito mgongoni kama mtoto. Asipokubali kungoja, basi mtoto abaki kwako, na hilo usilibishanie, mchukue.

Kuhusu orodha ya wafu ya tarehe mbili, hakuna jina litakaloingia humo isipokuwa limetoka kinywani mwa mtu wa nyumba hiyo. Wewe ni mkono tu. Waambie hivyo wote, mbele yake.

Na Jumatano simama uwaambie watu ukweli kwamba askari hakukataza kitu. Watakusema wiki moja, labda mbili. Papa Cyprien atakusema mpaka Krismasi, mvumilie, ulimfanya kisima. Kisha uite nyumba kama ulivyoanza kuita, kisima, mlango wa bluu, ngazi, hilo lisirudi nyuma. Lakini tupo peke yake haitoshi tena. Kila nyumba ijibu yenyewe kwa majina ya watu wake, yule inayemtaka atajwe, aliyeketi pale, aliye mbali, aliyelala. Kaswera akitaka kusema Kaswera na kunyamaza, anyamaze. Akitaka siku moja kusema na Kataliko, atasema mwenyewe. Wewe usimtangulie mtu. Ukifika nyumba ya safu, ita, kisha funga mdomo, funga na daftari, hata ikichukua muda watu wakaanza kukohoa. Marthe atasema Zacharie iko njiani, au atasema neno lingine. Lolote atakalosema, ninyi wote mjibu amina, na wewe uandike hivyo hivyo alivyosema.

Neno la mwisho. Umeniandikia karatasi sita juu ya majina ya watu. Najua jina la bwana wako anayelala, la binti yako, la jirani zako, la kijana wa vélo. Chini ukatia sahihi Mama Josée. Nimetafuta juu na chini, nyuma ya karatasi pia, na mpaka sasa sijui wewe unaitwa nani.

Jumatano anza na nyumba ya mbuzi. Ijibu kwanza kwa jina lako, kwa sauti ile ya nyanya yako, mpaka ng'ambo ya mto. Alexis afuate nyuma, kama ameamka.

Mama Simone